Mafuta ya Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Kifungo, ambaye sasa ana miezi tisa na meno mawili, na yote mawili ameshayajaribu kwenye bega langu. Mwili bado ni ule ule wa kifungo cha shati, lakini sauti ni ya mnadi. Kaka yako alipopita na lori mwezi uliopita, mtoto alimtazama, kisha akaligeukia lori na kulinyooshea mikono. Kaka yako alicheka sana. Mimi nilicheka kidogo.

Ndani ya kasha hili utakuta chupa mbili zilizofungwa kwa nepi (zimefuliwa, usijali). Moja nimeandika "ya kwanza" na nyingine "ya nne". Ni mafuta ya mchaichai niliyoyatoa mwenyewe kwa ule mtambo wa marehemu baba mkwe. Mwanzoni niliuogopa, linavyonguruma lile pipa! Sasa tumezoeana. Majani yanachemka, mvuke unapanda na harufu yake, unapita kwenye bomba ndani ya ndoo ya maji baridi, halafu unatoka tone kwa tone, na mafuta yanaelea juu ya maji, ya njano, mepesi. Gunia zima la majani linanipa mafuta ya kujaza kikombe kidogo. Mara ya kwanza nilitaka kulia, sijui kwa furaha au kwa uchache wake. Kila mpiko una chupa yake kubwa hapa rafuni, wewe nimekumiminia kidogo kidogo.

Sasa sikiliza. Kuna mtengeneza sabuni huko mjini kwenu ameyanusa, akasema atayachukua yote, msimu huu na ujao. Ila anataka karatasi ya maabara. Anataka kujua ndani mna nini hasa, na kama yana ile nguvu ya kuzuia sabuni isichache ikikaa dukani. Amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Kaka yako ameahidi kwamba nikiipata karatasi hiyo ataacha safari za mbali, tuendeshe mtambo pamoja. Kifungo amjue baba yake kabla hajaanza kuliita lori "baba".

Wewe ndiye fundi wa maabara wa ukoo mzima, kwa hiyo nimekukimbilia. Naandika barua badala ya kupiga simu kwa kuwa simu ya hapa ni ya Mama mkwe, na Mama hapokei wala hapigi bila kuweka sauti ya nje. Jambo hili nataka likae kati yetu mpaka liive.

Wifi yako,
Mama Kifungo


Jumanne, 11 Machi

Wifi,

Kasha limefika salama. Nepi nimezitunza, huenda siku moja nikazihitaji, nani ajuaye.

Chupa zako nimezipitisha kwenye mashine. Nitakueleza kwa maneno ya nyumbani. Mafuta ya majani si kitu kimoja, ni kama ukoo mzima uliobanwa kwenye chupa. Mashine inawatenganisha, kila mmoja anatoka kwa zamu yake na kuchora kilima kwenye karatasi. Mkubwa wa mchaichai anaitwa sitrali, naye huchora vilima viwili vilivyosimama karibu karibu kama pacha. Ukiwaona pacha, umeuona mchaichai.

Chupa ya kwanza: pacha wamesimama wima, peke yao wamechukua karibu robo tatu ya mafuta yote. Mkuu wetu wa maabara alisema, "Haya ndiyo mafuta." Nikavimba kichwa.

Chupa ya nne: pacha hawapo. Kuna vichuguu tu, na wageni wengi mahali pao. Mkuu aliangalia mara moja tu. "Yamechanganywa. Huyu ndugu yako anatuuzia mbuzi kwenye gunia." Nilitamani nijifiche nyuma ya friji.

Siwezi kumpa mtu wa sabuni karatasi ya chupa nzuri na kuificha mbaya. Hapa kila kinachoingia huandikwa, na zote mbili zimeandikwa kwa jina lako na langu. Ile nguvu ya kuzuia kuchacha sijaipima, dawa yake imekwisha na tumeagiza nyingine.

Nina swali moja, nijibu bila kuzunguka. Hapo nyumbani, nani mwingine anashika chupa?

Wifi yako wa maabara


Jumamosi, 15 Machi

Wifi,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini.

Sijachanganya kitu. Naapa kwa usingizi wa mwanangu, na wewe unajua hicho ni kitu adimu sana nyumba hii.

Hapa tuko watatu. Mimi, Mama na Kifungo. Kifungo hawezi kuzibua chupa, ingawa si kwamba hajajaribu. Sasa nitakuandikia jambo, ukishalisoma lichome.

Kuna mtu anachota mafuta yangu. Nilianza kuona tangu mwezi uliopita. Nikafunga uzi mwekundu kwenye kila chupa kubwa, sawasawa na mafuta yalipofika. Kesho yake, ile ya nne ilikuwa chini ya uzi kwa upana wa ukucha. Siku tatu baadaye, kidole kizima. Na ajabu ni kwamba ya kwanza haiguswi. Iko pale pale kwenye uzi wake, kama imewekewa mlinzi.

Na Mama ananukia, wifi. Jioni akipita mlangoni harufu inabaki nyuma yake. Nikajikaza nikamwambia, "Mama, leo unanukia vizuri." Akanijibu, "Nisinukie kwani mimi jiwe?"

Nafikiri anachota, halafu akiona imepungua mno anajazia mafuta ya kupikia ili nisijue. Kwa nini, sijui. Labda hapendi kuona mtambo wa mumewe mikononi mwa mtu wa kuja. Ananipenda, hilo najua, juzi kanichania nywele mpaka nikasinzia. Lakini mtu anaweza kukupenda na bado asitake ushike kitu chake.

Niambie nifanye nini. Wewe ni binti yake, mimi ni mke tu.

Mama Kifungo


Alhamisi, 20 Machi

Wifi,

Umeniomba niichome barua, nimeichoma. Maneno yake ndiyo hayakuungua.

Mama namjua. Anaficha sukari, anaficha miwani ya watu, anaficha maumivu ya magoti mpaka ashindwe kusimama. Kumharibia mtu kazi, hapana. Alitulea kwa huo mtambo baba alipokuwa hai. Kwa hiyo pole pole na maneno.

Lakini mimi ni mtu wa vipimo, sitabishana kwa mdomo. Hapa sampuli ikitiliwa shaka tunafanya hivi. Pika mpiko mpya. Usitoke mtamboni tangu moto unapowaka hadi tone la mwisho. Mimina, ziba, yeyushia nta ya mshumaa juu ya kizibo, na ikiwa bado laini uibonyeze kwa kidole gumba chako. Kidole hicho hicho kipake masizi, ukibonyeze chini ya barua yako. Nitalinganisha kabla sijafungua.

Mama usimwambie lolote. Usimuulize, usimtazame vibaya. Fanya kazi yako kimya.

Wifi yako


Alhamisi, 27 Machi

Wifi,

Hii hapa chupa ya sita, na hiki chini ni kidole changu. Kile kidogo pembeni ni cha Kifungo, alilia mpaka naye akapakwa masizi.

Nimefanya kama ulivyosema. Kutwa nzima sikuuacha mtambo. Hata bondeni kwenye shamba la mchaichai sikwenda, maana kwenda na kurudi ni saa nzima, na saa nzima ni nyingi ukiwa na mashaka. Nilikata majani ya haya mafungu yaliyoota chini ya dirisha la chumba chetu, hatua kumi tu, mtoto yuko mgongoni na jicho liko kwenye pipa.

Mama alikuja mara tatu. Mara ya kwanza kutafuta kisu, nacho kilikuwa mkononi mwake. Mara ya pili kuniletea uji nisije nikaanguka. Mara ya tatu alisimama, akanusa mvuke, akayatazama majani, akaguna. "Haya ndiyo unayopika leo?" Nikasema ndiyo, Mama. Akasema, "Haya," akaondoka zake.

Mtu asiye na jambo moyoni huguna hivyo? Niambie wewe.

Nta nimeimwagia yote iliyokuwepo, mshumaa mzima. Safari hii nina matumaini mpaka natabasamu peke yangu. Jana nimemuonyesha Kifungo picha ya baba yake na kumwambia, "Huyu atakuwa anakula hapa kila siku." Akailamba.

Mama Kifungo


Ijumaa, 4 Aprili

Mama Kifungo,

Chupa imefika. Nta ilikuwa nzima, na kidole ni chako, nimekilinganisha kwa lenzi. Niliifungua mwenyewe.

Pacha hawapo. Wako wageni wale wale wa chupa ya nne, kwa vipimo karibu vile vile.

Safari hii hakuna aliyeshika chupa ila wewe, umeandika kwa mkono wako. Sijui nifikiri nini, na ninachofikiri sikipendi. Labda mafuta safi ni machache ukaona uyaongeze, upate chupa nyingi za kumpa mtu wa sabuni. Kama ndivyo, ungeniambia. Mimi pia nimewahi kuwa na haraka ya maisha.

Mkuu amesema hatapokea tena chupa ya jina hilo, na amelitaja jina langu mbele ya wenzangu. Miaka tisa ninafanya kazi hapa.

Nimezungumza na kaka. Tarehe 20 akipita na lori ataupakia mtambo aulete kwangu, niutunze mpaka jambo hili lijulikane. Baba aliuunda bomba kwa bomba, sitaki jina lake liwe jina la mafuta bandia. Mtengeneza sabuni sijamwambia kitu. Ukitaka kusema kweli, bado una muda.

Binti wa marehemu


Jumanne, 8 Aprili

Wifi,

Bado nakuita hivyo, wewe ndiye uliyeacha.

Uliniuliza hapa nani anashika chupa. Na mimi nakuuliza, huko kwenu nani anashika? Mimi naona mtambo, mashine siioni. Unaniambia vilima, pacha, wageni, na mimi naletewa maneno tu. Karatasi yenyewe umewahi kunionyesha? Nta yenye kidole changu uliivunja mwenyewe, mlangoni alisimama nani?

Na mbona mtambo umeshaupangia pa kukaa? Mtu hatandiki kitanda kama hajui mgeni anakuja. Siku ya msiba wa baba ulisema mbele ya watu kwamba ule mtambo ungefaa ukae na mtu mwenye elimu. Mimi sikuwa nimeolewa bado, lakini nilisimuliwa. Nilikuwa nimesahau. Sasa nimekumbuka.

Mimi shule niliishia darasa la saba. Kusoma vilima sijui. Kusoma watu najua kidogo.

Ukiuchukua mtambo hunichukulii pipa na bomba. Unamchukua kaka yako unamrudisha barabarani, mwaka baada ya mwaka, na mwanangu atakua anapungia vumbi mkono. Sikuongeza kitu kwenye mafuta. Hata maji. Hata chozi, na hilo lilikuwa karibu.

Mama Kifungo


Jumatano, 9 Aprili

Kwa binti yangu wa maabara,

Ni mimi mama yako. Anayeandika ni mke wa kaka yako, kwa kuwa hapa anayejua kalamu ni yeye peke yake. Mtoto akiishika anaila. Nimemwambia aandike kila neno hata likimchoma. (Naandika kila neno. Mama Kifungo.)

Kwanza, magoti yanaendelea vizuri, usitume tena ile dawa inayonuka kama viatu.

Pili, mwezi uliopita ulinipigia simu, huyu akiwa bondeni, ukaniambia nimchunge huyu mke wa kaka yako, niangalie anatia nini kwenye mafuta. (Sikujua hili. Ndiyo kwanza nalisikia, tena nikiwa na kalamu mkononi.) Nami nikaona uzi mwekundu kwenye chupa, nikajua kuna mwingine ananichunga mimi. Nyumba ina watu wazima wawili na wote ni walinzi! Mimi si panya wa kutegewa uzi. (Nimeona aibu. Nimeandika.)

Tatu, nilimchunga kama ulivyotaka, na hii ndiyo taarifa. Anaamka jogoo akiwa bado amelala. Anashuka bondeni na mtoto mgongoni, anapanda na mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Ananyonyesha huku anachochea moto. Anasinzia ameketi, mdomo wazi. Hatii kitu kwenye mafuta. Angekitia kwa mkono upi? (Hapa nimesimama kidogo. Mama amesema niendelee, barua haisubiri kamasi.)

Nne, hayo mafuta ya dirishani mnayopelekeana kwa magari si ya chai. Mwenye pua anajua. (Hili sikulielewa. Nilipomuuliza akasema kazi yangu ni kuandika.)

Tano, mtambo wa mume wangu hauendi popote. Kaka yako akija na lori lake atanikuta nimeukalia.

Hiki ni kidole changu. Nasikia siku hizi mnapenda vidole.

Mama


Jumatatu, 14 Aprili

Wifi,

Barua mbili zimefika siku moja. Yako ilinikasirisha nikaigandamiza chini ya mizani. Ya Mama ikanifanya niitoe tena.

Ndiyo, nilimpigia simu. Nilikuambia usimwambie kitu, kisha nikamwambia mimi. Na nilisema lile neno la mtu mwenye elimu, siku ya msiba. Nilikuwa na uchungu, lakini nililisema.

Sasa nisikilize. Ile dawa tuliyoagiza imefika. Ni maji ya zambarau iliyokolea. Ukidondoshea mafuta yenye nguvu ya kuzuia kuchacha, zambarau hufifia na kugeuka njano. Mafuta yaliyoongezwa maji au ya kupikia huwa malegevu, zambarau hukaa tu inakuangalia. Nilipima chupa zako zote tatu wakati wenzangu wamekwenda kula. Nilitaka nione ya nne na ya sita zikishindwa, kesi iishe.

Ya kwanza ilifika njano, taratibu. Ya nne na ya sita zilikuwa zimeshafika zamani. Nikaosha vyombo, nikarudia. Vile vile. Wifi, mafuta yaliyoibiwa nguvu hayawezi kuyashinda yale yaliyo safi. Pale hakuna aliyeongeza kitu. Ni safi, ila ni mafuta ya kitu kingine.

Nikakumbuka neno la Mama, "si ya chai". Nikachukua karatasi ya vilima, nikaukunja ukingo wenye jina, nikaiweka mbele ya mkuu. "Mzee, ukisahau mchaichai, hapa unaona nini?" Akavaa miwani. "Sitronelali huyu. Jeranioli huyu. Hii ni ile nyasi ya kufukuzia mbu. Ni ndugu wa mchaichai, kwa mbali hutofautishi." Nikakunjua ukingo. Akalisoma jina, akavua miwani. "Nilisema yamechanganywa?" Nikasema, "Ulisema mbuzi kwenye gunia." Akakohoa, kikohozi hana.

Nenda dirishani, ufukue shina. La mchaichai ni jeupe lenye kijani. Likiwa na wekundu kama limepakwa rangi, ndiyo hiyo nyasi. Kisha muulize Mama. Muulize, usimchunge. Mimi nimemchunga kwa simu na wewe kwa uzi, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mkuu amekubali kupokea chupa mbili mpya, ya bondeni na ya dirishani, kila moja kwa jina lake. Karatasi zote za vilima nimezitia humu. Ulistahili kuziona tangu siku ya kwanza.

Lile jina nililokuwa nikikuita nikaliacha njiani, naomba unirudishie.

Wifi yako, ukikubali


Jumanne, 22 Aprili

Wifi yangu,

Nimekurudishia, lipo hapo juu.

Nilifukua shina kwa kijiko. Jekundu! Nikakaa pale pale chini ya dirisha, nikatoa kadi ya kliniki ya Kifungo kwenye mfuko wa gauni, maana kalenda yangu ndiyo hiyo. Mpiko wa nne niliupika siku moja baada ya chanjo ya surua. Alikuwa na homa, nikaogopa kwenda bondeni, nikakata ya dirishani ili nimsikie akilia. Na wa sita unaujua, nilikata hapo hapo ili niulinde mtambo dhidi ya Mama. Ulinzi wangu mwenyewe ndio ulioniponza.

Nikaenda kwa Mama. Nikamuuliza. Akasema, "Hiyo aliipanda baba yenu mwaka aliolazwa kwa malaria, izunguke nyumba. Tangu hapo ipo."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Niliguna."

"Kuguna si kusema."

"Na kufunga uzi ndiyo kuuliza?"

Akanishika mkono, akanipeleka kwenye kitanda cha mtoto. Pale dirishani, nyuma ya pazia, kuna kipande cha kanga yake kuukuu kinaning'inia, kimelowa mafuta. Kila jioni anakidondoshea. Anachota chupa ya nne tu, kwa kuwa aliinusa akaijua, na ya kwanza haina faida kwake. Akaniambia, "Hukujiuliza kwa nini mwanao siku hizi haamki na vipele?" Kweli, sikujiuliza. Nilikuwa nahesabu nyuzi.

Wifi, tuliandikiana barua ili Mama asisikie. Na mwenye jibu alikuwa yeye.

Kaka yako alifika tarehe 20 na kamba za kufungia mtambo. Akamkuta Mama juu ya pipa, na mto wake wa kukalia, na kikombe mkononi. "Mama, kuna nini?" "Nimekaa." "Nimekuja kuchukua..." "Nimesema nimekaa." Zile kamba sasa nimeanikia nepi. Amekaa siku mbili, ameshuka bondeni na mimi, na mgongo unamuuma mpaka anatembea kama mzee. Anasema kuendesha lori ni kazi nyepesi. Kifungo alimshika masikio yote mawili akamtazama sana, na lori lilipigwa honi na watoto wa jirani wala hakugeuka.

Chupa ni hizi mbili, ya bondeni na ya dirishani. Nta sikutia, wala kidole. Barua hii nimemsomea Mama yote kabla ya kuifunga, na mahali pawili amenisahihisha.

Wifi yako,
Mama Kifungo


Jumanne, 29 Aprili

Wifi yangu,

Msomee na Mama.

Ya bondeni: pacha wamesimama kama wanapigwa picha. Mkuu ametia sahihi, na kalamu yake alinikabidhi kwa mikono miwili nitie na yangu. Asubuhi hii nimempelekea mtengeneza sabuni karatasi mkononi. Amesema neno lake ni lile lile, yote, misimu miwili. Mwambie kaka azirudishe funguo za lori.

Ya dirishani nayo ina karatasi yake. Mtu wa sabuni ameinusa, akauliza kama inaweza kutengenezewa sabuni ya kuogeshea watoto wakati wa mbu. Nimemwambia sijui, kuna mtu wa kumuuliza.

Jambo moja. Chupa hiyo ya dirishani imefika ikiwa imepungua kidole kizima. Zamani ningekuandikia wewe kwa siri. Safari hii nilipiga simu nyumbani, mchana kweupe, nikauliza, "Mama, nani amechota?"

Akasema, na sauti ya nje ilikuwa wazi kwa sababu nilimsikia Kifungo anacheka, "Ni mimi. Kwani mbu walisubiri barua?"

Wifi yako wa maabara